Kupima ukuaji wa utumbo wa panya waliodungwa vichocheo vya ukuaji: mwongozo kwa maabara za Nairobi

Utumbo mwembamba wa panya ukiongezeka uzito baada ya siku kumi za sindano, bado hujathibitisha kwamba kichocheo ulichodunga ndicho kilichoukuza. Panya aliyekula zaidi huongeza utumbo. Mwenye minyoo au koksidia (vimelea vya seli moja) huongeza vilevile. Utumbo uliovimba maji ni mzito, na uliovutwa kwenye rula ni mrefu. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu namna ya kuondoa sababu hizo moja baada ya nyingine kabla ya kuanza kuandika matokeo.

Mfano tutakaofuata ni wa panya wadogo wa maabara na teduglutide, dawa inayoiga homoni ya utumbo iitwayo GLP-2, kwa kuwa athari yake kwenye utumbo ni kubwa, huonekana mapema, na dozi yake inajulikana. Mwisho tutagusia EGF na IGF-1, vichocheo vingine viwili vya ukuaji, zinazodai utaratibu tofauti kidogo.

Kinachotokea ndani ya utando

Utando wa ndani wa utumbo mwembamba una vijidole (vili) vinavyonyonya chakula, na kati yake vijishimo (kripti) ambamo seli huzaliwa. Seli shina zinazobeba alama ya Lgr5 zimekaa kwenye sakafu ya kijishimo, zimebanwa katikati ya seli za Paneth. Watoto wake hugawanyika mara kadhaa, hupanda ukutani, hufika ncha ya kijidole na kumwagika. Kwa panya safari hiyo huchukua siku 3 hadi 5. Kwa hiyo jaribio la siku kumi linatosha utando kubadilika wote zaidi ya mara moja, na jaribio la siku mbili halitoshi hata ukiongeza dozi.

GLP-2 ni peptidi yenye asidi amino 33, hutolewa na seli L za utumbo mtu au mnyama anapokula. Mwaka 1996 kikundi cha Daniel Drucker huko Toronto kilionyesha kwamba inakuza utando wa utumbo wa panya. Tatizo la GLP-2 ya asili ni kwamba haidumu: kimeng'enya cha DPP-4 hukata asidi amino mbili za mwanzo na nguvu yake kuisha ndani ya dakika chache. Kwenye teduglutide, alanini ya nafasi ya pili imebadilishwa kuwa glisini ili kimeng'enya hicho kishindwe kukata. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa wagonjwa waliobaki na utumbo mfupi.

Jambo ambalo wanafunzi wengi hulikosa: kipokezi cha GLP-2 hakipo kwenye seli shina zenyewe. Kipo zaidi kwenye neva za utumbo na seli za tishu unganishi chini ya utando, na hizo ndizo hutoa vichocheo vingine, IGF-1 ikiwemo, vinavyofika kwenye vijishimo. Panya wasio na IGF-1 hawaitikii GLP-2 ipasavyo. Basi usishangae ukiweka GLP-2 kwenye ogano ndogo zilizokuzwa sahanini, ambazo ni seli za utando peke yake, na usione cha maana. EGF ndiyo huzigusa moja kwa moja. Hata chakula cha kawaida cha kuzikuza ogano hizo kina EGF na protini nyingine mbili, Noggin na R-spondin.

Vibali, kisha panya

Usiagize peptidi kabla ya vibali. Utahitaji idhini ya kamati ya taasisi yako inayosimamia matumizi ya wanyama, leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), na kutimiza masharti ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Kamati itauliza kwa nini panya 16 na si 10 au 30. Andika hesabu yako ya sampuli mapema.

Tumia majike wa wiki 8 hadi 10, wa ukoo mmoja. Tunawapendelea kwa sababu mbili. Madume hupigana, na dume aliyejeruhiwa hupungua chakula. Pili, tezi za mate za chini ya taya za panya dume zina EGF nyingi kupita kiasi ukilinganisha na za jike. Ni kwenye tezi hizo Stanley Cohen alikoitoa EGF, kazi iliyomfikisha kwenye Tuzo ya Nobel ya 1986 pamoja na Rita Levi-Montalcini. Kama swali lako linahusu madume, tumia madume, lakini usichanganye jinsia kisha ukasahau kuitenga kwenye hesabu.

Weka panya wawili kwa kila kizimba, vizimba vinne kwa kundi la dawa na vinne kwa kundi la ulinganisho. Wiki moja kabla ya kuanza, changanya matandiko machafu ya vizimba vyote na kugawa kidogo kidogo kila mahali. Panya hula kinyesi, na kwa njia hiyo bakteria wa matumboni mwao wanakaribiana. Usipofanya hivyo, unaweza kuishia kulinganisha vizimba badala ya dawa.

Kisha kagua vimelea. Nyumba nyingi za wanyama hapa Nairobi hufuga panya kwa njia ya kawaida, bila kizuizi kamili cha vijidudu, na hapo ndipo majaribio ya utumbo huharibika kimyakimya. Koksidia na Giardia hurefusha vijishimo na kufupisha vijidole hata bila dawa yoyote. Bandika utepe wa selotepu kwenye mkundu wa panya asubuhi, uubandue na kuuweka kwenye slaidi: mayai ya Syphacia (minyoo midogo ya mkunduni) yana umbo la ndizi, upande mmoja bapa, na huonekana kwa lenzi ya 10. Kwa koksidia na Hymenolepis (tegu), elesha kinyesi kwenye maji ya chumvi iliyokolea. Ukipata kitu, tibu kundi zima na usianze mpaka kinyesi kiwe safi mara mbili mfululizo. Kuwatoa wagonjwa tu na kuendelea na waliobaki hakusaidii. Waliobaki wamelala nao kizimba kimoja.

Kuandaa peptidi

Chupa ikiandikwa miligramu 1, mara nyingi huo ni uzito wa unga wote pamoja na chumvi na maji. Tafuta kwenye cheti asilimia ya peptidi halisi. Ikiwa ni 75, una mikrogramu 750. Wanaoruka hatua hii hudunga robo tatu ya dozi, kisha hulaumu panya.

Acha chupa ifike joto la chumba kabla ya kuifungua, la sivyo unga utavuta unyevu. Yeyusha mikrogramu hizo 750 kwa mililita 0.75 ya bufa ya fosfeti ya pH 7.4, upate miligramu 1 kwa mililita. Gawa kwenye vichupa 15 vya mikrolita 50 na uvigandishe kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Kila kichupa ni cha siku moja. Usikigandishe tena.

Kila asubuhi toa kichupa kimoja, ongeza mililita 1.95 ya bufa yenye albumini ya ng'ombe ya asilimia 0.1. Sasa una mikrogramu 25 kwa mililita. Albumini si pambo: peptidi kidogo kiasi hicho hung'ang'ania kuta za plastiki, na bila albumini hujui kilichobaki majini ni kiasi gani. Kundi la ulinganisho lidungwe bufa ileile yenye albumini ileile, si maji ya chumvi ya kawaida.

Ikiwa friza haina jenereta, panga kwa kuchukulia kwamba stima itapotea wikendi. Gawa vichupa kwenye friza mbili za majengo tofauti. Weka pia kijikombe cha barafu chenye sarafu juu ndani ya kila friza. Ukikuta sarafu imezama, barafu iliyeyuka ukiwa hupo, na vichupa hivyo havifai tena kwa jaribio.

Siku kumi za sindano

Dozi ni mikrogramu 0.1 kwa kila gramu ya mwili, chini ya ngozi, mara mbili kwa siku. Kwa mchanganyiko wetu hiyo ni mikrolita 4 kwa kila gramu: panya wa gramu 22 anapata mikrolita 88. Tumia sindano ya insulini ya mililita 0.3 au 0.5. Inua ngozi ya mgongo kati ya mabega, ingiza sambamba na mwili, na ubadilishe upande kila mara. Ukiona unyevu kwenye manyoya baada ya kutoa sindano, ama umetoboa ngozi upande wa pili au umeitoa mapema mno. Hesabu dozi hiyo kuwa imepungua na uiandike.

Saa moja asubuhi na saa moja jioni. Si saa moja asubuhi na saa kumi alasiri eti kwa sababu Waiyaki Way itajaa magari. Panga zamu na mtu anayeishi karibu, au mlipie mhudumu wa nyumba ya wanyama saa za ziada. Pengo la masaa tisa mchana na masaa kumi na tano usiku, usiku ambao panya ndipo hula, si dozi ileile.

Anza nusu ya panya, wanne kwa kila kundi, siku ya kwanza, na nusu nyingine kesho yake. Mwishoni utachinja panya wanane kwa siku badala ya kumi na sita, na hakuna utumbo utakaoachwa ungoje foleni.

Pima uzito wa kila panya kila asubuhi na uzito wa chakula kilichobaki kizimbani. Tafuta makombo kwenye matandiko pia; panya hutafuna tembe na kuziacha chini. Kundi la dawa likila zaidi, una tatizo la kweli, kwa maana chakula chenyewe huukuza utumbo na njaa huukondesha ndani ya siku mbili tu. Suluhisho la kawaida ni kuongeza kundi la tatu linalodungwa bufa na kupewa kila siku kiasi kilekile ambacho kundi la dawa lilikula jana yake. Teduglutide kwa kawaida haibadilishi ulaji sana, lakini usiamini, pima.

Siku ya kuchukua tishu

Seli za vijishimo hugawanyika kwa mpangilio wa saa za siku. Chukua tishu zote kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, ukipishanisha: mmoja wa dawa, mmoja wa ulinganisho. Wa dawa wote wakitangulia, utakuwa umepima saa.

Masaa mawili kamili kabla ya kila mmoja kufa, mdunge BrdU (alama inayoingia kwenye DNA inayonakiliwa) tumboni, miligramu 50 kwa kila kilo. Ukiyeyusha miligramu 10 kwa mililita, panya wa gramu 22 anahitaji mikrolita 110. Dakika 15 kati ya panya na panya zinatosha, basi wa kwanza anadungwa saa moja na wa mwisho saa tatu kasorobo. Vaa glavu; BrdU huingia kwenye DNA yako kama inavyoingia kwenye ya panya. Ondoa chakula wakati huohuo wa sindano hiyo. Usiwashindishe njaa usiku kucha ili tu utumbo uwe mwepesi kuosha.

Mnyama akishakufa kwa njia iliyoidhinishwa, una dakika tano hadi kumi. Baada ya hapo utando huanza kujichubua wenyewe, na kwenye slaidi utaona nafasi nyeupe chini ya ncha za vijidole ukadhani ni athari ya dawa.

Kata kwenye mwisho wa tumbo na mahali utumbo mwembamba unapoingia kwenye sekamu (mwanzo wa utumbo mpana). Ondoa mesenteri (utando unaoshikilia utumbo) kwa mkasi mdogo, usiivute. Osha ndani kwa bufa baridi ya nyuzi 4, ukitumia bomba la mililita 10 na kanula yenye ncha butu. Bonyeza taratibu, maana presha ya mkono mzito hung'oa vijidole. Kisha ning'iniza utumbo wima, ukiwa na kibanio cha gramu 1 chini, na usome urefu baada ya sekunde 30. Kuulaza mezani na kuunyoosha kwa vidole kunaweza kuongeza sentimita kadhaa kulingana na nani anapima. Kausha maji ya nje kwa karatasi ya kuchujia na upime uzito. Kwa panya mzima tegemea utumbo mwembamba uliooshwa wa takribani gramu moja na urefu wa sentimita 30 hadi 40.

Usikate sampuli kwa umbali wa sentimita fulani kutoka tumboni. Utumbo wa kundi la dawa unaweza kuwa mrefu zaidi, na sentimita 12 kwake si mahali pamoja na sentimita 12 kwa mwenzake. Kata kwa sehemu ya urefu wote: robo, nusu, robo tatu. Kwenye kila alama chukua:

- sentimita 2 kwa ajili ya slaidi, zikatwe vipande vinne vifupi, vifungwe pamoja kama kuni kwa plasta nyembamba ya hospitali na kutumbukizwa kwenye fomalini ya asilimia 10 yenye bufa, ujazo mara kumi wa tishu;
- sentimita 3 zipasuliwe kwa urefu, utando ukwanguliwe kwa ukingo wa slaidi ya kioo, upimwe uzito, nusu ikaushwe kwenye oveni ya nyuzi 60 mpaka uzito usibadilike, nusu igandishwe kwa kupima DNA na protini.

Uzito mkavu ndio unaokuambia kama ongezeko ni tishu au maji. Nao uwiano wa protini kwa DNA hutenganisha seli kuongezeka idadi na seli kunenepa. DNA ikipanda na uwiano ubaki palepale, seli zimeongezeka.

Fomalini masaa 24, kisha hamishia kwenye alkoholi ya asilimia 70. Ukiacha wiki nzima kwa kuwa fundi wa parafini yuko likizo, kingamwili za kupaka kwenye slaidi zitashindwa kushika.

Slaidi, na sufuria ya presha

Vipande vya mikromita 4, vya panya wote vichakatwe na kupakwa rangi kundi moja, kwa sababu alkoholi na parafini hufanya tishu zinywee na kiwango cha kunywea hubadilika siku hadi siku.

Kwenye kupaka kingamwili ya BrdU au ya Ki67 (protini ya seli zilizo kwenye mzunguko wa kugawanyika), miongozo ya ng'ambo husema uchemshe slaidi kwenye sitreti ya milimola 10, pH 6.0, nyuzi 95 hadi 98. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi kama 94. Kwa sufuria ya wazi hutafika joto hilo hata uchemshe mpaka yakauke. Ndiyo maana itifaki iliyofanya kazi vizuri Mombasa hutoa rangi hafifu Kabete. Tumia sufuria ya presha: dakika 3 tangu presha ijae, zima moto, acha ipoe yenyewe kwa dakika 20, usimwagie maji baridi. Ukitumia asidi ya hidrokloriki ya molari 2 kufungua DNA kwa ajili ya BrdU, joto la namna hiyo si lazima, ila umbo la seli huathirika kiasi.

Ki67 huwaka kwenye seli nyingi mno za kijishimo cha kawaida, kwa hiyo nafasi ya kupanda ni ndogo. BrdU ya masaa mawili hushika zile tu zilizokuwa zikinakili DNA, nayo huonyesha tofauti vizuri zaidi.

Kupima na kuhesabu

Ficha namba za panya kwa mtu anayepima. Tumia ImageJ, programu ya kupima picha, rekebisha kipimo kwa slaidi yenye mikromita iliyochorwa, kwa kila lenzi peke yake.

Pima kijidole tu kama kinaonekana kizima kutoka ncha hadi mdomo wa kijishimo, kikiwa na safu moja ya seli kila upande. Ukiona viini vimerundikana tabaka tatu au nne, kisu kilipita mshazari, ruka. Kijishimo nacho lazima uone tundu lake kutoka mdomo hadi sakafu. Pima 30 vya kila aina kwa kila panya. Kwa BrdU, hesabu seli upande mmoja wa kijishimo kuanzia sakafuni, ukiandika kila nafasi kama imewaka au haijawaka.

Chukua wastani wa panya mmoja na uingize namba moja tu kwenye takwimu. Vijidole 240 kutoka kwa panya wanane si sampuli 240. Kosa hili hutoa thamani za p ndogo mno na mhakiki yeyote makini huliona kwenye jedwali la kwanza.

Na matokeo yakipishana? Vijidole virefu, utando mzito, lakini BrdU haijapanda: angalia vifo vya seli kwa kingamwili ya caspase-3 iliyokatwa (alama ya seli inayokufa), kwa sababu GLP-2 pia hupunguza seli kufa, na baada ya siku kumi ugawanyikaji unaweza kuwa umeanza kutulia. Rudia na panya wachache kwa siku 3. Vijishimo virefu na vijidole vifupi kwa pamoja: rudi kwenye kinyesi, una vimelea. Uzito mbichi umepanda na mkavu haujapanda: ni maji. Ileamu (sehemu ya chini ya utumbo mwembamba) imekua kuliko jejuni (ya juu yake): kagua kama vichupa vya sampuli vimebadilishana majina, kwani teduglutide hukuza zaidi sehemu ya juu.

Ukibadilisha kichocheo

EGF na IGF-1 huisha haraka kwenye damu na sindano mbili kwa siku hazitoshi. Weka pampu ndogo ya osmosi chini ya ngozi, ya siku 7 au 14, na kundi la ulinganisho nalo lipate pampu yenye bufa, kwa kuwa upasuaji wenyewe hupunguza ulaji kwa siku moja au mbili. Loweka pampu kwenye maji ya chumvi ya nyuzi 37 usiku kucha kabla ya kuiingiza, ili isianze kazi ikiwa imechelewa. IGF-1 hushusha sukari ya damu. Pima tone la mkia siku mbili za kwanza na uwe na glukosi karibu. Usitegemee EGF ya kunyweshwa kwa mdomo kwa panya wazima, vimeng'enya huikata njiani.

Kama bajeti inaruhusu, ongeza panya wanne wa dawa na wanne wa bufa ambao sindano zinasimamishwa siku ya kumi, na uwachukue tishu siku ya ishirini. Athari ya teduglutide hurudi nyuma dawa ikikoma. Utumbo wa hao ukibaki mkubwa kuliko wa wenzao wa bufa, kilichowakuza utumbo kilikuwa kitu kingine, na mahali pa kwanza pa kutafuta ni kizimbani.